Ritifaa Mbele ya Mashine: Uhakiki wa Matini Ingizwa katika Lugha ya R na Majina ya Babati

Katika taaluma ya Kiswahili neno uhakiki lina makazi ya siku nyingi. Mwanafunzi wa fasihi hukutana nalo mapema: kuhakiki ni kuisoma kazi kwa jicho pevu, kuipima na kutoa uamuzi wenye sababu. Watumishi wa umma wa Tanzania walilifahamu kwa maana kali zaidi wakati wa uhakiki wa vyeti, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Maana ya tatu ndiyo mada ya mhadhara huu. Kipande cha programu ya takwimu kinapopokea neno, kabla ya kulifanyia kazi yoyote, hakina budi kuliuliza: je, wewe ni neno kweli, uko peke yako, na umo miongoni mwa wanaoruhusiwa kupita? Maswali hayo huonekana kuwa ya mafundi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ni maswali ya wanaisimu pia. Kila ukaguzi wa matini ulioandikwa ndani ya programu umebeba nadharia fulani ya maandishi, hata pale mwandishi wake asipojua kwamba ana nadharia. Nadharia hiyo ikiazimwa kutoka lugha nyingine bila kuchunguzwa, kuna mtu au mahali patakapoachwa nje ya hesabu.

Lugha ya programu inayozungumziwa ni R. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kufuata nyayo za lugha ya S iliyobuniwa na John Chambers na wenzake katika maabara za Bell huko Marekani tangu mwaka 1976. Toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Kwa kuwa hailipiwi, imepokewa vizuri katika vyuo visivyo na fedha za kununua programu za kibiashara. Kazi zote za R hufanywa na fanksheni, yaani vipande vya programu vyenye jina, vinavyopokea ingizo, kulifanyia kazi na kurudisha jibu. Ingizo likiwa namba, makosa yake mara nyingi hujitokeza yenyewe: umri wa miaka 400 humshtua msomaji yeyote. Ingizo likiwa matini, kosa huweza kupita kimya hadi kwenye jedwali la mwisho, na kutoka hapo hadi kwenye ripoti.

Mahali pa kuijaribia hoja hii ni Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Babati haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ukanda huu wa Bonde la Ufa, ukiuchukua pamoja na Mbulu, Hanang', Singida na Kondoa, unajulikana kwa wanaisimu kuwa ndipo makundi yote makubwa manne ya lugha za Afrika, kwa mujibu wa mgawanyo wa kale, yanapokutana. Kiiraqw na Kigorowa ni lugha za Kikushi. Kidatooga cha Wabarbaig ni cha Kiniloti. Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Na upande wa Kondoa wapo Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kidoko. Atlasi iliyochapishwa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaonyesha jinsi lugha hizo zilivyopakana. Sokoni na ofisini watu hukutana kwa Kiswahili. Lakini majina ya watu na ya mahali hayakuacha lugha zake mlangoni. Karani wa Babati anayeingiza orodha katika kompyuta huandika kwa Kiswahili mambo yaliyotamkwa kwanza kwa lugha nyingine tano au sita.

Neno na ambalo mashine huliona kuwa si kitu

Swali la kwanza la uhakiki ni jepesi kwa sura: je, kilichopokewa ni matini? R ina fanksheni is.character inayojibu hivyo. Hata hivyo, kabla ya toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, R ilipounda jedwali la data au kulisoma kutoka faili ilikuwa na desturi ya kugeuza safu za maneno kuwa faktori, yaani namba za siri zilizovikwa majina. Jina lililoonekana kwenye kioo kama Bonga halikuwa matini ndani ya kumbukumbu. Programu zilizoandikwa miaka hiyo bado zinatumika, na baadhi hubadili tabia zikiendeshwa katika toleo jipya.

Swali la pili ni idadi. Fanksheni inayotarajia jina moja ikipewa vekta ya majina 30 ifanye nini? Kwa miaka mingi sharti la if lilichukua jina la kwanza pekee, likatoa onyo dogo na kuendelea na safari. Tangu toleo la 4.2.0 la mwaka 2022 jambo hilo ni kosa linalosimamisha kazi. Yumkini wapo waliolalamika kwamba programu zao za zamani zilivunjika, ilhali zilikuwa zimevunjika tangu siku ya kwanza.

Swali la tatu, la thamani isiyokuwepo, linamgusa mtafiti wa Kiswahili kuliko mwenzake yeyote. R huonyesha pengo katika data kwa herufi mbili, NA. Mtu akiuliza urefu wa pengo hilo kwa kuandika nchar(NA), jibu ni 2, kana kwamba utupu una herufi mbili. Akitumia nzchar kuuliza kama matini si tupu, pengo hilo hujibiwa kuwa si tupu. Kwa hiyo ukaguzi wa kwamba jina lisiwe tupu, ukiandikwa peke yake, humruhusu asiye na jina apite. Sharti la is.na hutangulia mengine yote.

Hayo ni mambo ya kila mtumiaji wa R duniani. Sasa yatazamwe kwa macho ya Kiswahili. Fanksheni read.csv, ambayo ndiyo lango la data nyingi, ina kawaida ya kugeuza kila seli yenye herufi kubwa NA kuwa pengo. Mtafiti akikusanya vichwa vya habari vya magazeti vilivyochapwa kwa herufi kubwa, akavikata neno moja moja na kuvihifadhi katika faili, kisha akavisoma tena kwa read.csv, kiunganishi NA hakitarudi. Neno ambalo ni miongoni mwa yanayotumika zaidi katika Kiswahili litakuwa limegeuzwa kuwa ukosefu wa neno. Jedwali la idadi ya maneno litatoka safi, lenye safu zilizonyooka, na wala hakutakuwa na onyo. Dawa yake ni fupi: kuiambia fanksheni hiyo kwamba na.strings ni matini tupu, na kwamba safu zote zisomwe kuwa matini. Lakini dawa hutolewa na anayeujua ugonjwa, na ugonjwa huu hauonekani kwa mtu ambaye katika lugha yake NA si neno.

Orodha iliyofungwa

Mara nyingi matini inayoingizwa haipaswi kuwa neno lolote, bali moja kati ya machache. Halmashauri ya Mji wa Babati ina kata nane: Babati, Bagara, Bonga, Maisaka, Mutuka, Nangara, Sigino na Singe. Fanksheni ya kuchora grafu ya kata ina haki ya kukataa jina lisilo katika orodha hiyo. Chombo cha kawaida cha kazi hii katika R ni match.arg. Ni chombo kizuri, lakini kina tabia tatu ambazo anayekitumia anapaswa kuzifahamu.

Tabia ya kwanza ni kukubali kipande cha mwanzo cha neno. Atakayeandika N atapewa Nangara. Atakayeandika Si atakataliwa, kwa sababu Sigino na Singe zote huanza hivyo. Ya pili ni kutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo babati si Babati. Ya tatu ndiyo ya hatari: ikiwa ingizo ni NULL, yaani hakuna kilichotolewa kabisa, match.arg hurudisha chaguo la kwanza. Katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti chaguo la kwanza ni Babati. Dodoso lisilo na kata likiifikia fanksheni hiyo katika hali ya NULL litahesabiwa kuwa la kata ya Babati, na kata ya mjini itaonekana kuwa na watu wengi kuliko ilivyo.

Kukubali kipande cha neno kuna sura nyingine orodha inapobadilika. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Mbulu kama wilaya moja. Katika sensa ya mwaka 2022 tayari kulikuwa na Mbulu ya mji na Mbulu ya wilaya. Programu yenye orodha ya zamani huipokea Mbulu bila tatizo. Mtu akiisasisha orodha kwa kuweka Mbulu Mjini na Mbulu Vijijini, ingizo lile lile la Mbulu hukataliwa kwa kuwa linaelekea pande mbili. Kukataa huko ni sahihi kabisa. Data ya 2012 haiwezi kugawanywa kwa kubahatisha, na mashine inayosimama na kuuliza inafanya kazi ambayo mtakwimu mwangalifu angeifanya.

Mfano wa Hanang' ni mgumu zaidi kwa sababu unaingia katika tahajia. Jina la wilaya hii na la mlima wake huandikwa kwa namna mbili, Hanang na Hanang', na zote huonekana katika maandishi rasmi na ya magazeti. Orodha ikiwa na Hanang', match.arg itapokea Hanang kama kipande cha mwanzo. Orodha ikiwa na Hanang, atakayeandika kwa ritifaa atakataliwa. Yaani mwandishi anayefuata tahajia sanifu kwa uangalifu ndiye anayeadhibiwa, na aliyeacha alama ndiye anayepita kote kuwili. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka mlima huo yaliukumba mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Katika hali kama hiyo orodha hutoka sehemu nyingi na kuunganishwa kwa haraka. Fanksheni merge huunganisha mistari kwa usawa kamili wa matini, na kwa kawaida yake huitupa mistari isiyopata mwenzake. Kwake, Hanang na Hanang' ni wilaya mbili.

A mpaka Z

Pasipo orodha iliyofungwa, uhakiki hutegemea ruwaza: kanuni inayoeleza sura ya matini inayokubalika. Ruwaza inayonakiliwa zaidi katika mafunzo ya programu ni ile inayoruhusu herufi a mpaka z, ndogo na kubwa, na nafasi. Chanzo chake ni Kiingereza, na hata kwa Kiingereza haitoshi, kama mtu yeyote wa ukoo wa O'Brien anavyoweza kushuhudia. Kwa Kiswahili huifungia nje sauti nzima. Ritifaa katika ng'ombe si pambo la mwandishi. Ni sehemu ya namna ya kuandika konsonanti moja, ile inayotofautisha mwanzo wa ng'ombe na ule wa ngoma. Alama tatu, sauti moja. Tahajia ya Kiswahili cha Kongo huandika ngombe bila ritifaa, jambo linaloonyesha kwamba alama hii ni makubaliano, nayo ina historia.

Historia hiyo ina jambo la kumfundisha mwandika programu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa, kwa namna yake, fanksheni ya kuhakiki ingizo. Miswada ya vitabu iliwasilishwa kwake, ikapimwa kwa kanuni za lahaja ya Kiunguja iliyoteuliwa, na iliyokidhi ikapewa kibali. Faida yake ni kwamba shule kutoka Mombasa hadi Kigoma zilipata tahajia moja. Hasara yake imejadiliwa sana, hasa na waliotetea Kimvita na lahaja nyingine za pwani: kilichokuwa lugha ya watu kiligeuzwa kosa kwa uamuzi wa kikao. Tofauti na programu ni kwamba Kamati ilijulikana, ikaandika kanuni zake, ikajibiwa na wapinzani wake. Ruwaza iliyofichwa katika mstari wa 14 wa programu haijibiwi na mtu.

Wapo wanaodhani tiba ni kuweka herufi za Kiswahili sanifu mahali pa zile za Kiingereza. Babati inakataa. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina q wala x, na katika Wilaya ya Babati kuna kata ziitwazo Qash na Qameyu. Sharti la kwamba neno liishie na irabu, ambalo mtu angeweza kulifikiria baada ya somo moja la fonolojia ya Kiswahili, lingeziondoa pia Dabil na Bashnet. Ruwaza ya Kiswahili sanifu inafaa kuhakiki msamiati wa Kiswahili sanifu. Haifai kuhakiki majina ya watu wanaozungumza Kiswahili. Tofauti hiyo wanaisimu wanaijua vizuri, lakini mara chache huulizwa.

Kirangi nacho kina irabu saba, na maandishi yake hutumia herufi ɨ na ʉ. Wenyewe huiita lugha yao Kɨlaangi, na kwa jina hilo imo katika data za mpangilio wa lugha zinazotunzwa na shirika la Unicode. R katika mfumo wa Windows, kabla ya mwaka 2022, haikuwa ikitumia UTF-8 kama usimbaji wake wa kawaida, na herufi ɨ iliweza kujitokeza kama <U+0268> katikati ya neno. Tangu hapo hali ni nafuu, na kundi la [[:alpha:]] huitambua herufi hiyo kuwa herufi. Ritifaa hailitambui, kwa kuwa kwake hiyo ni alama ya uakifishaji.

Athari ya jambo hili huonekana vizuri katika uchanganuzi wa maneno. Njia ya mkato ya kukata matini katika R ni kuigawa kila penye kitu kisicho herufi wala tarakimu. Kwa njia hiyo ng'ombe hutoka vipande viwili, ng na ombe. Kinachokera zaidi ni ng'oa: hutoka ng na oa, na kipande cha pili ni neno halali la Kiswahili. Aliyeng'oa jino huhesabiwa kuwa ameoa. Fanksheni read.table nayo, faili likiwa limetenganishwa kwa tabo, huweza kuichukua ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu na kumeza mistari inayofuata hadi itakapoikuta ritifaa nyingine. Sharti iambiwe waziwazi kwamba alama hiyo si nukuu.

Jambo la mwisho kuhusu alama hii ni umbo lake. Kibodi hutoa ritifaa iliyonyooka, lakini programu za kuchapa huigeuza kuwa iliyopinda bila kumwuliza mwandishi, na Unicode ina alama ya tatu, U+02BC, inayohesabiwa kuwa herufi. Kwa jicho la msomaji zote ni moja; kwa mashine, Hanang' ya barua na Hanang' ya jedwali ni maneno tofauti. Hapa kuna kitu ambacho programu inaweza kusawazisha bila kumdhulumu mtu, kwa kuwa maana haibadiliki:

hakiki_jina <- function(jina) {
  stopifnot(is.character(jina), length(jina) == 1L, !is.na(jina))
  jina <- gsub("[\u2018\u2019\u02BC]", "'", trimws(jina))
  if (!grepl("^[[:alpha:]][[:alpha:]' -]*$", jina))
    stop("Jina lina alama isiyotambulika: ", jina, call. = FALSE)
  jina
}

Fanksheni hii inakubali Hanang', Qash na Kɨlaangi. Inakataa pengo, namba na majina mawili kwa mpigo. Inapolikataa jina kwa sababu ya alama isiyotambulika, hutaja kilichokataliwa, tena kwa lugha ya karani. Haijaribu kusahihisha. R ina adist, inayopima ni herufi ngapi zinatenganisha maneno mawili, na kwa kipimo hicho Galapo na Gallapo, ambazo ni mahali pamoja, zimetengana kwa herufi moja tu. Lakini paka na pika nazo zimetengana kwa herufi moja. Kipimo hicho kinafaa kumpa karani pendekezo, si kumwamulia.

Hata hivyo fanksheni hiyo bado ina mlango uliofungwa. Katika maandishi ya Kiiraqw yaliyotumika katika sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993, na katika kamusi aliyoiandaa pamoja na Martha Qorro na Roland Kießling na kuchapishwa mwaka 2002, mkwaju / ni konsonanti. Huwakilisha sauti ya kooni iliyo karibu na ayn ya Kiarabu, ile ambayo Kiswahili kiliiacha kilipopokea majina kama Ali na Omari. Ritifaa nayo katika Kiiraqw si alama ya kusaidia ng. Ni konsonanti kamili, kituo cha koo. Toni ya juu huonyeshwa kwa alama juu ya irabu, na irabu hiyo huweza kuhifadhiwa kama alama moja au mbili, hivyo neno moja likawa na urefu wa aina mbili katika nchar hadi litakaposawazishwa, kwa mfano kwa stri_trans_nfc ya pakiti ya stringi.

Kuongeza mkwaju katika ruwaza ni kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Matokeo yake ndiyo mazito. Mtafiti anayehifadhi rekodi za sauti kwa kulipa kila faili jina la neno lililorekodiwa atakuta kwamba neno linaloanza na mkwaju husomwa na R kuwa njia inayoanzia kwenye shina la diski, na mkwaju wa katikati husomwa kuwa mpaka wa folda. Kwa sababu hiyo wapo watakaoufuta mkwaju ili kompyuta itulie, na konsonanti ya Kiiraqw itapotea katika data kabla ya mwanaisimu yeyote kuiona. Njia iliyo salama zaidi ni kutenganisha vitu viwili: neno lihifadhiwe ndani ya jedwali kama lilivyoandikwa, likihakikiwa kwa ruwaza ya lugha yake, na faili lipewe namba isiyo na maana yoyote. Fanksheni basi itahitaji ingizo la pili, lugha, lenye orodha iliyofungwa ya misimbo ya herufi tatu: swh kwa Kiswahili, irk kwa Kiiraqw, gow kwa Kigorowa, lag kwa Kirangi, mgz kwa Kimbugwe. Ingizo hilo nalo halina budi kuhakikiwa, na lisiwe na chaguo la kujazia pengo. Asiyetaja lugha asimamishwe na aulizwe, badala ya kudhaniwa kuwa ameandika Kiswahili.